Kiswahili Kilichobaki Kichwani mwa Uhura

Makosa ya tamthilia za televisheni zinazoitwa bunilizi za kisayansi, yaani hadithi zinazoichukua elimu ya sayansi na kuivusha mpaka mahali ambapo elimu yenyewe haijafika, huhesabiwa kwa kawaida katika mafungu mawili. La kwanza ni kosa la mwendelezo, ambalo hutokea pale jambo lililokwisha kuonyeshwa au kusemwa linapokanushwa na jambo linalofuata bila hadithi yenyewe kutambua kuwa imejikana. Mhusika anaingia mlangoni akiwa na shati la bluu na kutokea upande wa pili akiwa na la kijani, kwa sababu nje na ndani ya nyumba vilipigwa picha siku tofauti, na ndiyo maana kila kundi la upigaji picha huwa na mtu ambaye kazi yake ni kuandika jinsi kila kitu kilivyokuwa ili kesho kirudishwe palepale. La pili ni kosa la ukweli, ambalo hutokea hadithi inapodai jambo kuhusu ulimwengu huu uliopo na jambo hilo likawa si kweli. Pembeni ya hayo mawili pana jambo la tatu ambalo halipaswi kuitwa kosa, nalo ni makubaliano: mtazamaji anajua kwamba kwa mujibu wa nadharia ya Albert Einstein ya mwaka 1905 hakuna chombo kinachoweza kuupita mwanga kwa kasi, lakini anaridhia kwamba katika hadithi hii chombo kitaupita, kwa kuwa bila ridhaa hiyo nyota zisingefikika na hadithi isingekuwapo.

Makubaliano huhitaji pande mbili, na hapo ndipo suala zima linapokuwa zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtunzi huandika akiwa na mtazamaji fulani mawazoni, humpimia mtazamaji huyo kiasi cha maarifa, kisha hujilinda dhidi ya makosa ambayo mtazamaji huyo anaweza kuyaona na kuyaacha yale ambayo hadhani kwamba yupo wa kuyaona. Kosa lililoachwa ndani ya hadithi kwa hiyo ni ushahidi wa aina yake, maana linaonyesha ni nani aliyetarajiwa kuketi mbele ya kioo na ni nani ambaye hakufikiriwa kabisa. Upo mfano mmoja wa kosa la namna hii ambao unamhusu msemaji wa Kiswahili moja kwa moja, na ambao huonekana waziwazi zaidi ukitazamwa kutoka Bariadi na Mkoa wa Simiyu kuliko kutoka Mombasa au Unguja.

Tamthilia ya Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ikisimulia safari za chombo cha anga cha karne zijazo, na miongoni mwa maofisa wa chombo hicho alikuwamo mwanamke Mwafrika aliyesimamia mawasiliano, Luteni Uhura, ambaye jina lake lilichotwa kutoka neno uhuru na ambaye aliigizwa na Nichelle Nichols, Mmarekani mweusi mzaliwa wa jimbo la Illinois. Mwongozo waliopewa waandishi ulieleza kwamba Uhura alizaliwa katika Muungano wa Nchi za Afrika, na hiyo ilikuwa ndoto kubwa kuwekwa katika televisheni ya Marekani wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa na umri wa miaka michache tu tangu zipate uhuru. Haifai kuyataja makosa ya tamthilia hii bila kwanza kuutambua ujasiri huo, kwa sababu ulizaa matunda ya kweli: Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kufika anga za juu, aliyesafiri na chombo cha Endeavour mwezi Septemba 1992, alieleza wazi kwamba Uhura alikuwa miongoni mwa waliomwonyesha njia.

Tamthilia hiyo ilikuwa na makosa ya mwendelezo tangu wiki za mwanzo, na mengi yalitokana na utaratibu wa kazi kuliko uzembe wa mtu yeyote. Sehemu hazikurushwa kwa mpangilio zilivyotengenezwa; iliyotangulia kuonyeshwa haikuwa ya kwanza kupigwa picha, na sehemu iliyopigwa picha mwaka 1965 kama jaribio ilirushwa ya tatu, tarehe 22 Septemba 1966, ikiwa na mavazi tofauti, ikiwa haina daktari ambaye watazamaji walikwisha kumzoea, na ikiwa na jiwe la kaburi lililoandikwa James R. Kirk ilhali nahodha huyo baadaye alijulikana ulimwenguni kote kama James T. Kirk. Uhura mwenyewe alionekana Septemba akiwa na vazi jekundu, Oktoba na Novemba akaonekana na la rangi ya dhahabu, kisha jekundu likarudi, kwa sababu zile sehemu za vazi la dhahabu zilikuwa zimetengenezwa mapema zikacheleweshwa kurushwa. Makosa ya aina hii yanasameheka upesi. Yanaonyesha tu kwamba hadithi hutengenezwa na watu wenye ratiba na bajeti.

Kosa lisilopita kirahisi limo katika sehemu iliyorushwa tarehe 29 Septemba 1967 kwa jina la The Changeling, iliyoandikwa na John Meredyth Lucas. Ndani yake kinasimuliwa chombo kisicho na rubani kiitwacho Nomad, kilichorushwa kutoka duniani mwanzoni mwa karne ya 21, kikagongana na mashine ya walimwengu wengine, kikachanganya maagizo yake na ya mashine hiyo, na sasa kinapita angani kikiangamiza kila kiumbe kisicho kamilifu. Wapenda hesabu wamekwisha kuonyesha kasoro zake za nguvu na kasi: risasi za Nomad zinasemwa kwenda kwa kasi ya kiwango cha 15, ambacho kwa kanuni ya tamthilia yenyewe, ya kukizidisha kiwango mara tatu kwa chenyewe, ni mara 3,375 ya kasi ya mwanga, na pigo moja linasemwa kuwa sawa na makombora 90 ya chombo cha Kirk, lakini ngao zinahimili mapigo kadhaa, ilhali katika sehemu nyingine za tamthilia makombora machache tu yanatosha kukitia chombo hichohicho hatarini. Hayo bado yamo ndani ya uwanja wa makubaliano. Jambo linalouvuka uwanja huo ni lile linalomfika Uhura, ambaye Nomad inamsikia akiimba, haielewi wimbo ni nini, ikaichunguza akili yake na kuifuta yote. Inabidi afundishwe upya tangu mwanzo, naye anaonekana kitandani akijifunza kusoma kama mtoto pamoja na muuguzi. Anapokwama na kukasirika, yanamtoka maneno ya Kiswahili.

Mwendelezo unavunjika hapo mara mbili. Ikiwa akili ilifutwa yote, Kiswahili kimetoka wapi? Na ikiwa Kiswahili kimebaki, basi kuna kitu cha thamani kubwa mno kilichosalia ndani ya mtu huyo, ambacho hadithi ingepaswa kukishika na kukifuata, maana lugha haikai kichwani peke yake bila nyumba, watu na utoto ilimojifunziwa. Hadithi haikukifuata. Kabla ya sehemu kwisha daktari anaahidi kwamba mgonjwa amekwisha kufikia elimu ya chuo na atarudi kazini ndani ya wiki moja, na kweli katika sehemu iliyofuata, ya tarehe 6 Oktoba 1967, Uhura yuko kazini akiwa mzima, hodari kama zamani, bila mtu yeyote kukumbuka kwamba amempoteza mama yake, shule yake na kila rafiki wa ujana wake. Mhandisi Scott, ambaye Nomad ilimuua katika sehemu hiyohiyo, alihuishwa na mashine ileile. Uhura aliachiwa kujifunza kusoma upya. Tofauti hiyo inauma, na haifutwi na maelezo kwamba tamthilia za zama hizo zilitakiwa kurudisha kila kitu mahali pake kila mwisho wa juma.

Madaktari wa magonjwa ya ubongo wanalo la kusema juu ya tukio hili. Mfaransa Théodule Ribot alieleza mwaka 1881 kwamba kumbukumbu zinapoharibika huanza kutoweka zile mpya, na za zamani hudumu zaidi. Mwenzake Albert Pitres, akichunguza mwaka 1895 watu wanaozungumza lugha kadhaa waliopatwa na afasia, yaani hali ya kupoteza uwezo wa kusema kwa sababu ya jeraha la ubongo, aliona kwamba lugha inayotangulia kurudi ni ile iliyozoeleka sana wakati ugonjwa ulipoingia, ambayo si lazima iwe ya utotoni. Mwandishi wa Star Trek, kwa kujua au kwa kubahatisha, alimfuata Ribot: aliifukua akili ya Mwafrika mpaka tabaka la chini kabisa, na katika tabaka hilo akaweka Kiswahili.

Ni hapo Bariadi inapokuwa na haki ya kusema. Mwaka ule wa 1967 eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Simiyu, uliotangazwa mwaka 2012 ukiwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, lilikuwa kwa sehemu kubwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, na mtoto aliyezaliwa huko katika vijiji vya pamba na ng'ombe alianza maisha kwa Kisukuma: upande wa Bariadi kwa lahaja ya Kinantuzu, upande wa mashariki na kusini kwa ile ya Kinakiya. Kiswahili alikikuta shuleni, mnadani, gereji, jeshini na redioni, akakipenda na kukimiliki kwa moyo wote, lakini alikikuta baadaye. Laiti Nomad ingemfuta akili mwalimu, mkulima au nesi wa Maswa wa zama zile na kumbakizia tabaka la chini, yangetoka maneno ya Kisukuma, na msomaji wa Bariadi hahitaji kumsoma Ribot ili alijue hilo, kwa kuwa amewasikia wazee wake wakihesabu, wakiomba na wakilia kwa lugha ambayo hawaitumii ofisini. Kiswahili cha Uhura kimewekwa pale ambapo kwa Waafrika wengi wa Mashariki, nje ya pwani na visiwa, hukaa lugha nyingine. Mwandishi alihitaji ishara moja ya Afrika, akaichukua ile iliyokuwa karibu, na hakuwazia kwamba nyuma ya ishara hiyo kuna tabaka jingine.

Hata hivyo haki inadai pingamizi liwekwe mezani. Hadithi hiyo inatokea karne ya 23, na kosa la mwaka 1967 linaweza kugeuka ukweli kabla ya karne hiyo kufika. Mwaka uleule wa 1967 sheria ilianzisha Baraza la Kiswahili la Taifa, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na kwa njia hiyo lugha ikapelekwa mpaka vijiji ambavyo barabara ilikuwa haijavifika. Leo katika mji wa Bariadi wapo watoto wa ndoa za makabila tofauti, na hata wa wazazi wote wawili Wasukuma, ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili na ambao Kisukuma wanakisikia kwa bibi wakati wa likizo. Mtoto wa namna hiyo akiitazama The Changeling haoni kosa lolote. Kwa hiyo jambo moja laweza kuwa kosa kwa babu na ukweli kwa mjukuu, wote wakiwa wamekaa katika sebule moja.

Yapo mengine ambayo wakati hauyaponyi. Kwa filamu iliyotoka mwaka 1984, watengenezaji wa filamu za Star Trek walitaka Waklingoni, taifa la kubuni la maadui wa nahodha Kirk, wazungumze lugha inayosikika kama lugha kamili, wakamwajiri mwanaisimu Marc Okrand, yaani mtaalamu wa muundo wa lugha, ambaye aliwatungia sarufi yenye viambishi na kanuni za sauti, na mwaka 1985 kamusi ya lugha hiyo ikachapishwa. Kazi yake ni nzuri na inastahili sifa. Lakini wakati huo Kiswahili kilikuwa na fasihi iliyoandikwa kwa karne kadhaa, kilikuwa na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kilikuwa na mamilioni ya watu wa kuulizwa, na bado nafasi yake katika tamthilia yote ya miaka ya 1960 ilikuwa mistari michache: ile ya kitandani, na ile ya sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, ambamo kiumbe anayejigeuza kulingana na kumbukumbu za anayemtazama anamtokea Uhura katika umbo la mwanamume na kumsemesha Kiswahili. Matamshi katika mistari yote hiyo yanamchosha sikio msemaji wa lugha. Taifa lisilokuwapo lilitafutiwa mtaalamu wa lugha, na taifa lililopo likaonekana halina haja naye, kwa sababu mashabiki wangeyasikiliza kwa makini makosa ya Kiklingoni, na hakuna aliyedhani kwamba kuna shabiki wa Kiswahili.

Usukumani hadithi zilizoea kuwa na msikilizaji anayejua. Katika shikome, moto wa jioni ambao wanaume na vijana waliuzunguka kuzungumza na kufundishana, msimuliaji alisimulia mbele ya watu waliokwisha kuisikia hadithi kwa wengine, na aliyepotoka alirudishwa papo hapo. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vyenye mizizi katika karne ya 19, makundi hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja na mshindi ni yule ambaye umati umemwendea, kwa hiyo kila mtazamaji hutoa hukumu yake kwa miguu. Televisheni haina nafasi ya namna hiyo, ingawa vibanda umiza, yaani vibanda vya video ambamo watu hulipa kiingilio kidogo na kubanana kwenye mabenchi, viliirudisha kwa njia yao wenyewe. Watafsiri wa filamu kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya walizungumza juu ya picha za kigeni kwa Kiswahili, wakaeleza yasiyoelezwa, wakampa mhusika jina linaloshikika, na pale filamu ilipojikana wakaliziba pengo kwa sentensi moja. Mtu anaweza kuwaita wafasiri wasio waaminifu kwa matini. Ni tathmini pungufu, kwa sababu uaminifu wao ulikuwa kwa watu waliokaa mbele yao.

Mkoa wa Simiyu nao unasimuliwa na watu wa mbali. Kijiji cha Gamboshi, wilayani Bariadi, kinajulikana Tanzania nzima kwa simulizi inayodai kwamba ni makao makuu ya wachawi na kwamba usiku hugeuka jiji la maghorofa na taa, linalofananishwa na New York. Kwa muundo wake hiyo ni bunilizi ya kisayansi iliyo kamili, yenye jiji lisiloonekana mchana na yenye umeme ambao vijiji vingi vya Usukuma havikuwa nao, na mtu anaweza kuifurahia kama hadithi. Lakini wakazi wa Gamboshi, ambao huwaeleza waandishi wa habari kwamba wao ni wakulima na wafugaji, huwekwa katika simulizi hiyo kama mashahidi wanaoficha siri, na kila wanavyokanusha ndivyo wanavyozidi kushukiwa. Madhara ya simulizi za aina hii si ya kubuni. Takwimu za serikali zilizochambuliwa na mtafiti Simeon Mesaki zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara katika matukio yanayohusiana na tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na Mwanza na Shinyanga, ambamo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwamo, zilibeba sehemu kubwa ya vifo hivyo. Alama iliyotajwa mara kwa mara kumhukumu mwanamke mzee ilikuwa macho mekundu, na macho hayo hutokana na miaka ya kupikia kuni, mabua ya pamba na samadi kavu ndani ya jiko lisilo na njia ya moshi. Hilo ni kosa la ukweli kwa maana ileile iliyoelezwa mwanzo, na waliolijua vizuri kuliko wote, yaani wapishi wenyewe, ndio ambao ushahidi wao haukupokelewa.

Star Trek yenyewe imerudi kwenye jambo hili. Katika tamthilia mpya iliyoanza mwaka 2022, ambamo Uhura anaigizwa na Celia Rose Gooding na sasa anatambulishwa waziwazi kuwa Mkenya, sehemu ya pili inamwonyesha akiwa kijana anayejua lugha 37, akieleza kwamba alianza kujifunza lugha kwa sababu nchi ya Kenya ina lugha 22 za wenyeji na alitaka kuzungumza na kila mtu kwa lugha yake. Hayo ni maendeleo makubwa kuliko ya mwaka 1967. Tabaka lililokosekana limeonekana: nyuma ya Kiswahili kuna lugha nyingine, na kuzijua ni kazi ya heshima inayomfanya mtu astahili kukaa kwenye daraja la uongozaji wa chombo. Lakini hesabu inagoma, kwa kuwa Kenya ya leo huhesabiwa kuwa na lugha zaidi ya 40, na mtazamaji wa Kisumu, Lodwar au Lamu hutambua hilo kabla mhusika hajamaliza sentensi.

Atakayetaka kuitetea sehemu hiyo atasema tena kwamba ni karne ya 23, na utetezi huo, uliokuwa mwepesi kwa Kiswahili cha kitandani, hapa unatisha. Kama 22 si kosa la mwandishi, basi ni idadi ya lugha zilizosalia, na nusu nyingine imekufa njiani bila hadithi kuitaja. Ndani ya Simiyu suala hilo halihitaji karne mbili kulitafakari. Kisukuma, lugha ya kabila kubwa kuliko yote Tanzania, kina mamilioni ya wasemaji na hakionekani kuwa hatarini leo, pamoja na watoto wa mjini kukiacha. Lakini wilayani Meatu, kuelekea bonde la Ziwa Eyasi, wanaishi Wataturu na baadhi ya Wahadzabe, na Kihadza, lugha yenye sauti za kidoko ambayo wanaisimu hawajaweza kuthibitisha undugu wake na lugha nyingine yoyote duniani, ina wasemaji elfu moja na ushei tu kwa ujumla wao wote. Mtoto wa Kihadzabe anayeandikishwa darasa la kwanza husomeshwa kwa Kiswahili, akiwa amezungukwa na wenzake wanaocheza kwa Kisukuma, na hakuna kitabu cha serikali kilichoandikwa kwa lugha aliyotoka nayo nyumbani.